Namba ya Dawa ya Kifafa

Kompyuta imefika Kawangware, akili imeachwa njiani. Juzi, kwenye dirisha la dawa la zahanati moja, mama aliyetembea kutoka Mashimoni, Kibera, aliomba dawa ya kifafa ya bintiye. Chupa mpya za dawa hiyo zilikuwa zimejaa rafuni, nyuma ya karani. Karani akabonyeza kompyuta, akatikisa kichwa.

"Siwezi kukupea, mama. Namba ya hii dawa nilifuta kwa kompyuta."

"Ukafuta kwa nini?"

"Haikuwa inatumika tangu mwaka uanze."

"Si mlikuwa mnatuambia dawa imeisha!"

"Ndiyo. Kwa hivyo haikutumika," akajibu, akitabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. "Bila namba, dawa haitoki. Ngoja wakubwa wairudishe."

Mama alizitazama zile chupa, akageuka kurudi kwao mikono mitupu.

Huko kwao bomba likikauka, mitungi hubaki kwenye foleni bila wenyewe. Hakuna anayeitupa ati haitumiki. Anayetaka kusogeza hata mmoja huuliza kwanza, "Huu ni wa nani?" Msomi wetu wa kompyuta hakumuuliza mtu. Hajui kwamba mtungi mtupu ndio unaongoja maji.