Debe la Bahari

Juzi nilimwona ng'ombe akilamba jiwe la chumvi, nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mtoto, baba na rafiki zake, wakulima wa pamba wa Kishapu, walikuwa wamekwenda Tanga kukodi boti wakavue baharini. Alasiri aliyorudi, vitunguu vilikuwa vinanukia tayari jikoni. Baba akatua debe la maji.

“Samaki wako wapi, Baba Kulwa?” mama aliuliza.

“Tulitapika wote, nahodha akaturudisha. Lakini ng'ombe nimewaletea maji ya chumvi.”

Ng'ombe wakayagombania. Mimi niliamini bahari haikosi samaki, hata ikiwa ndani ya debe. Wakati wa kukamua nikachungulia kibuyu, nikamuuliza mama kama samaki watatoka na maziwa.

“Wakitoka,” alisema, kwa sauti ya kumfikia baba, “mwite baba yako, naye awaone.”