Ua Mbele ya Shuka Jeupe

Ilunga alikuwa mpiga picha wa kambi ya Kakuma, mtu aliyeikimbia Kongo na kamera moja shingoni. Alikusimamisha mbele ya shuka jeupe, akakuinua kidevu, akakuambia usicheke. Makaratasi ya ukimbizi yalitaka sura tu.

Ile mvua kubwa ya tisini na saba ilipopungua, mchanga ukatoa maua. Mkewe Sylviane, mgonjwa mkekani, akaliona moja la njano karibu na mlango.

"Ilunga, hii inaitwa je?"

"Kesho nitauliza."

Sylviane aliuliza siku tatu, akajibiwa kesho tatu. Siku ya nne hakuuliza.

Ilunga hakulia. Watu waliokuja kumzika Sylviane walimngoja alie hata wakachoka, wakarudi makwao. Yeye akaling'oa lile ua, akalipangusa vumbi, akalipiga picha mbele ya shuka. Dawa ya kusafishia picha ilikuwa imemwishia. Ilipofika na lori la Lodwar, wiki tatu baadaye, jua lilikwisha kuyaunguza maua yote. Jumapili msalaba ungesimamishwa, na chini ya jina la Sylviane alitaka kuandika jina la ua. Jibu lake hilo, japo limechelewa.

Akampelekea picha Akal, mama wa Kiturkana aliyemletea kuni, mjuzi wa kila kinachoota.

"Ejok, mama. Nataka jina ya hii, niandike ku musalaba ya Sylviane."

Akal akaigeuza ile picha ya nyeusi na nyeupe huku na huku, akacheka. "Wewe mzee! Umepiga maua kama inatafuta kadi ya posho. Rangi gani?"

"Njano."

"Njano ziko mingi. Ilikuwa kwa mchanga ama kwa mawe? Mbuzi ilikula, ama ilipita tu? Ukiponda majani, inanuka aje?"

"Mi nilipiga uso yake tu."

"Na mizizi?"

"Nilitupa."

Akal akaacha kucheka. "Sisi tunajua mmea kwa mahali inasimama, na mnyama yenye inakula. Uso peke yake, siwezi. Nikupatie jina ya uongo uweke kwa kaburi? Mvua ikirudi uniite. Na using'oe."

Jumamosi Ilunga akachovya brashi. Akaandika SYLVIANE, na chini yake akaacha nafasi ya neno moja. Akangoja aone kama kifua kitamuuma. Hakikuuma.

Jumatatu walikuja watu sita. Akawasimamisha mmoja mmoja mbele ya shuka, na kabla ya kubonyeza akamwuliza kila mmoja, "Kwenu ulikuwa unakaa wapi?" Wakamtajia vijiji, wakamtajia mito. Akawasikiliza hadi mwisho, kisha akawaambia wasicheke.