Mgomba wa Getini

Mgomba wenyewe hauzai. Ni wa mapambo, waliupanda kando ya geti la fleti zetu hapa Randburg, Johannesburg, na baridi ikija majani yanakauka kama yamemwagiwa maji ya moto. Lakini ni mgomba. Mtu wa kwetu hawezi kuutazama kama ua.

Kwetu, milimani Kivu ya Kusini, kitovu cha mtoto kikidondoka bibi anakizika chini ya chipukizi la mgomba nyuma ya nyumba. Mgomba ule ni wako. Mkungu wake wa kwanza hauuzwi, unapikwa na majirani wanakula. Ukilia bila sababu unaambiwa nenda kalilie mgombani kwako. Na si mambo ya watoto tu. Vita vilichoma nyumba zote, na watu waliporudi baada ya miaka hakuna aliyejua kiwanja cha nani kinaanzia wapi. Wamama wazee ndio waliopita kwenye magugu wakisema huu ni wa kifungua mimba wangu, ule wa yule pacha aliyefariki, na mipaka ya kijiji ikarudi hivyo, mgomba kwa mgomba.

Mimi nilizaliwa kambini, ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Tuliporudi nilikuwa msichana wa kuchota maji. Mama akanipandia chipukizi nisionekane tofauti, ila kila mtu alijua chini yake hakuna kitu. Sisi wa kambini tuliitwa migomba mitupu. Tukigombana mtoni, mtoto mdogo kuliko mimi alisema tu nirudi kwenye hema langu, wote wanacheka, nami nashika ndoo yangu naondoka. Hakuna tusi jingine lililonifunga mdomo vile.

Ndiyo maana kitovu cha binti yangu nilikitunza. Alipozaliwa hapa Johannesburg nilikikausha, nikakifunga kwenye kitambaa, nikakitia kwenye kopo la majani ya chai. Kukipeleka nyumbani siwezi: mwenye karatasi ya ukimbizi akirudi alikokimbia, karatasi imekufa. Kumpa mtu akipeleke naogopa. Mama kwenye simu kila Jumapili anauliza kimezikwa wapi, mimi nasingizia mtandao. Na mtoto anakua. Yuko chekechea, anaelewa Kiswahili, anajibu kwa Kiingereza.

Basi Jumamosi moja mchana nilirudi kutoka saluni ninakosuka nywele, nikachukua kijiko kikubwa na lile kopo, nikamshika mtoto mkono, tukaenda getini. Nikazika. Nikamwambia huu ni wako. Akalikumbatia shina, akacheka.

Sikuwaza jambo ambalo kila mtu wa jiji hili angeliwaza: mgeni anafukia kitu getini, mahali wanapopita wote. Bibi wa Kizulu wa ghorofa ya chini, tunayemwita gogo, yule ambaye huwa anampa binti yangu biskuti, alikuwa dirishani. Sijamaliza hata kunawa mikono, grupu la WhatsApp la jengo linawaka. Muti. Mkongomani ametega uchawi. Nikagongewa mlango.

Nje walikuwa wamejaa, wengine na watoto wao, simu juu wanarekodi. Msimamizi wa jengo hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Fukua, dada," akasema. "Hapa hapa, tukiona."

Nikapiga magoti. Kijiko nilikiacha ndani kwa hasira, nikafukua kwa vidole, na binti yangu amesimama nyuma yangu anauliza kwa nini tunakitoa. Kitambaa nikakifungulia kiganjani. Kitu chenyewe ni kama kipande cha tangawizi kavu. Nikasema kwa Kizulu changu kibovu kwamba ni kitovu cha mtoto.

Gogo akasogea, akainama, akatazama.

"Inkaba," akasema polepole. Ndivyo wanavyokiita wao. Maana na wao wanazika. Wote wale na simu zao, vitovu vyao viko ardhini kwa bibi zao, na wanajua. Simu zikashuka. Mmoja akasema eish, akaondoka. Nikangoja neno pole.

"Inkaba huzikwa nyumbani, mwanangu," gogo akasema. "Hapa si nyumbani, hata kwangu mimi."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Hasira najua kuibeba, nimezaliwa nayo. Lakini kupiga magoti mbele ya mwanao, udongo kwenye kucha, kama mwizi, hiyo aibu sijui naiweka wapi. Ni ile ile ya mtoni. Nilidhani niliiacha huko.

Jumapili mama akauliza. Safari hii nikamwambia yote: nilikizika, nikafukulishwa, kiko kwenye kopo juu ya friji. Nikamsikia anapenga kamasi. Nikajua anamlilia mjukuu wake, mgomba mtupu mwingine katika ukoo.

"Mama," akasema, ndivyo anavyoniita tangu utoto wangu, "chako sikukiona hata kilipodondoka. Nilikuwa na homa, kambi nzima inaumwa. Cha huyu unacho. Kikae kwenye kopo. Atakileta mwenyewe akikua, mimi nitamwachia chipukizi."

Nikasema mtandao mbaya.

Lile shimo chini ya mgomba hakuna aliyelifukia. Kila asubuhi tukienda chekechea mtoto husimama kulichungulia, nami simvuti mkono. Gogo yuko dirishani, anatuona. Wao ndio waliotaka lifukuliwe, walifukie wao. Mimi silifukii.