Kidole Changu Juu ya Karatasi ya Kabaso

"Mulamu, boti yako inakunywa maji!" Musonda, kaka ya muke wangu, alisema vile akicheka. Tulikuwa katikati ya ziwa Mweru, tunatoka Chienge na mizigo ya samaki wakavu, jua juu ya kichwa. Akavua shati, akaisokota, akaisukuma mule katika ufa. Ufa ukameza shati yote. Hapo akaacha kucheka.

Mimi nilishika pipa tupu, nikaelea mupaka wavuvi wakanikuta. Yeye, hapana. Alikuwa kaka mumoja tu wa muke wangu.

Kosa ni langu! Ninalisema bila jina langu, juu ya kuogopa watu wa nyumba yangu mwenyewe.

Ile boti niliijenga na mikono hii, kwenye shule ya kujenga maboti hapa Nchelenge. Mi mutu wa ng'ambo ya ziwa, Zaire, nilioa huku, nilisoma darasa mbili tu. Nilitaka sertifika, watu wasiniite tena fundi wa kubahatisha. Mwalimu alikuwa Kabaso. Mbao kavu zilifika na lori, nikaziweka alama yangu, samaki mudogo wa kalamu nyekundu. Kesho yake hakuna hata moja! Kabaso akatugawia mbao mbichi, ukipiga musumari maji yanatoka.

Nikaenda biro ya wilaya kushitaki kwa Bwana Chola, mukubwa wa shule ile. Akanipa chai. "Baba, umefanya vizuri sana. Rudi kazini, mi nitaangalia." Nikatoka kifua mbele. Bujinga!

Siku ya kujaribu boti, Kabaso akapanda pamoja na mimi. Tukazunguka. Akainua muguu: "Ona, fundi wa kulialia, hata kiatu changu hakikulowa!" Kweli. Mbao mbichi siku ya kwanza haivuji. Inangojea jua liikaushe. Mi nilijua hii! Halafu akatoa karatasi iliyosema: mimi naondoa mashitaka, na boti ni nzima. "Weka kidole, uchukue sertifika. Hutaki, rudi kwenu ng'ambo mikono mitupu."

Nikaweka kidole.

Shule ikauza boti. Aliyenunua ni Musonda, juu ya kuwa ni mimi niliijenga. "Boti ya mulamu wangu, nitaiogopa namna gani?" Injini yake ikaharibika, boti ikalala kwenye muchanga wiki mbili na lile jua. Nilipita pale kila siku. Niliona mishono ya mbao inafunguka, nikasukuma pamba na lami, nikanyamaza. Ningesema, angeniuliza sertifika niliipata namna gani. Injini ikapona, akaniita twende Chienge. Nikapanda. Kukataa kungesema yote.

Kilio cha Musonda kilipoisha, nikaenda tena kushitaki kwa Chola, nyumbani kwake. Akaniketisha kwenye baraza. Nikainua macho: kwenye dari mupya, juu ya kichwa changu, samaki wangu mudogo mwekundu! Nikamuonyesha kwa kidole. Chola hakuangalia hata juu.

"Kidole kile kile kiko kwenye karatasi katika sanduku yangu," akasema pole pole. "Nani alisema boti ni nzima? Polisi watamutafuta nani?"

Basi. Nikisema, mi ndiye muuaji. Nikinyamaza, nakula bukari ya muke wangu, ugali wa mwanamuke anayemushukuru Mungu kila jioni juu ya kuokoka kwangu. Sertifika bado iko kwenye ukuta, yeye mwenyewe anaipanguza vumbi.

Ninyi munaojifunza kazi, karatasi ya kuondoa mashitaka musiiguse, hata ije pamoja na sertifika. Macho yako yameona mbao mbichi? Sema mupaka mwisho. Afazali kurudi ng'ambo bila kitu.

Na wewe Kabaso, na wewe Chola! Ng'oeni ile dari, muilete mbele ya mama yake Musonda. Mimi nitakuja na kidole changu. Ninyi mutamupa jibu gani?