Mzee Nkwabi na Mzigo wa Mbolea

Mzee Nkwabi alibeba marobota ya pamba bandarini Mwanza kwa miaka ishirini na nane, mpaka mgongo ukakataa. Enzi hizo mabehewa ya treni yaliingizwa melini mazima mazima. Pamba ikaenda Kisumu, kahawa ikaja kutoka Bukoba. Kisha biashara ikasinzia, gati likaota majani. Sasa meli zimerudi, na anayeendesha winchi ni binti yake, Odeta.

Wanaishi Mkolani, pembezoni mwa jiji. Mzee hatulii. Alfajiri anavaa viatu na kuzunguka uani. "Leo imefunga gati meli gani?" anauliza. Akijibiwa, baada ya dakika tano anauliza tena.

Jumanne moja upepo ulivuma sana ziwani. Odeta alikuwa ameshanyanyua mifuko ya mbolea alipoona mtu chini yake, ameinama, mikono kaishika nyuma, kama anayesubiri kutwishwa. Amevaa sweta la kijani, lile ambalo Odeta mwenyewe alilifua Jumapili.

Mzigo ulikuwa unayumba. Kushusha haiwezekani, kusogeza ni hatari. Akaushikilia palepale na kupiga honi mfululizo.

"Odeta, vipi?" Josephat, msimamizi wa zamu, aliuliza kwenye redio.

"Kaka Josephat, mtoe huyo mzee! Ni baba yangu!"

Josephat alikimbia, akamshika mkono. Mzee akagoma. "Niache, kijana. Zamu yangu hii. Nitwishe!"

Ikabidi wapagazi wawili wamnyanyue juujuu.

Odeta akashusha mzigo, kisha akashuka mbio. "Baba, umefikaje huku?"

"Kwa miguu. Getini nimepita nyuma ya lori." Akamkagua, kofia ngumu mpaka buti. "Na wewe mama, unamtafuta nani hapa?"

Odeta akamshika mkono, akamtoa getini.

Usiku huohuo alimpigia kaka yake Masalu, anayelima Sengerema. "Mlete," Masalu alisema. "Huku honi ya meli haifiki."

Wiki mbili za kwanza huko Sengerema mzee alitoroka mara tatu, akielekea ziwani. Ndipo Masalu akamkabidhi ng'ombe wawili. Akawafuata kutwa nzima, akarudi amechoka, akalala.

Odeta hupiga simu kila jioni, hata zamu ikichelewa. Siku nyingine mzee humtambua, akamuuliza kama anakula vizuri. Siku nyingine humsikiliza kidogo, akampa Masalu simu na kurudi zizini.