Nguo za Kuhani

Kanisani kwetu Euless, Texas, Pasaka bila igizo si Pasaka, na igizo nalisimamia mimi. Tunakodi ukumbi, Watanzania na Wakongo, kila mtu na Kiswahili chake, na kila mwaka mambo yalikuwa yale yale. Pilato anapewa mwanamume mtanashati, anavaa shuka jekundu, ananawa mikono, watu wanampigia makofi. Wayahudi wanavaa kanzu nyeusi na ndevu za pamba. Halafu ukumbi mzima, hadi watoto, tunapiga kelele, "Asulubiwe!" Tuliipenda sana sehemu hiyo, tusidanganyane.

Mwaka 2019 ndipo bibi mmoja akaniharibia raha. Alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, Myahudi, anaishi peke yake Dallas, na kazi yangu ilikuwa kumtunza mchana: dawa, chakula, kuoga. Katika mji huu ambao majirani wanasalimiana kwa kupunga mkono wakiwa garini, yeye ndiye aliyekuwa akiniuliza kila asubuhi kama mama yangu kule Tanga ameamka salama. Basi siku hiyo nashona shuka la Pilato sebuleni kwake, akauliza ni la nini. Nikamweleza. Akasema, "Nitakuja kuangalia."

Nikamwona akilini ameketi mbele, na sisi sote tunapiga kelele na zile ndevu za pamba. Nikajaribu kumkatisha tamaa: viti vigumu, ibada ndefu, tena sisi hatuanzi kwa wakati. Akauliza, "Wayahudi wenu wanavaaje?" Nikamwambia. "Na Yesu wenu, mama yake alikuwa kabila gani?"

Jamani! Nilinuna hadi nikaunguza wali.

Tukiwa tunakula huo wali wa kuungua, akaanza kufundisha. Pilato mnayempigia makofi, akasema, alikuwa gavana wa wakoloni. Roma ndiyo iliyotoza kodi, Roma ndiyo iliyokuwa na misalaba, na waliotundikwa juu yake kule walikuwa Wayahudi, wengi mno. Pasaka ikifika, askari walipanda juu ya mapaa ya hekalu, wakiwatazama watu chini wanavyosali. Kisha akasema jambo lililonifanya niweke kijiko chini: kuna miaka ambayo nguo za kuhani mkuu zilifungiwa ngomeni kwa Warumi. Sikukuu ikikaribia, zinaombwa. Ikiisha, zinarudishwa.

"Nguo za ibada?" nikauliza.

"Za ibada."

Jumamosi kwenye mazoezi nikamweleza mzee wetu wa kanisa, Mkongo aliyekaa kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa Texas, sasa anapakia mizigo karibu na uwanja wa ndege. Nilidhani atabisha, maana igizoni ndiye kuhani mkuu wetu na anazipenda ndevu zake. Lakini akasema, "Mama, hiyo kitu tunaijua. Kwetu kule, mwenye bunduki njo alikuwa anapanga saa ya kuomba."

Tukalifumua igizo lote. Kanzu nyeusi, nje. Ndevu, nje. Mwanzoni tukaweka kipande kipya, kifupi: kuhani anakwenda kwa askari wa Kirumi kuomba nguo zake. Mchungaji akanung'unika kwamba waumini watashangaa. Nikamwambia, na washangae.

Siku yenyewe nilimsukuma bibi kwenye kiti chake cha magurudumu hadi mbele. Niliogopa, nasema kweli. Akiumia moyo hapa, kesho nitampa dawa, atasema asante, na urafiki wetu utakuwa umeishia hapo.

Askari akasimama mlangoni na funguo. Mzee akaja na fulana na suruali ya kazini. Kwenye mazoezi alikuwa akisimama wima na kusema maneno mawili matatu. Siku hiyo akapiga magoti.

"Mukubwa, tunaomba nguo zetu. Kesho ni sikukuu."

Askari akazichezesha funguo.

"Mukubwa, tafazali."

Mama mmoja wa Kikongo nyuma akalia kwa sauti. Bibi akanivuta mkono, "Amesema nini?" Nikamtafsiria huku na mimi nalia. Tulipofika kwenye "Asulubiwe", waliopiga kelele ni askari peke yao. Ukumbi haukuitikia.

Baada ya ibada mzee akaja kumsalimia bibi, lile joho la kuhani alilopewa na askari limemkaa upande. Bibi akamwashiria ainame, akamnyooshea mabega ya joho taratibu.

"Mwakani askari ni mimi," akaniambia. "Mwambie."

Nikacheka. Nikamuuliza, kati ya watu wote, kwa nini wewe uchague kuwa Mrumi?

"Kwa sababu ndiye mwenye funguo," akasema. "Nitampa kabla hajapiga magoti."