Vitasa vya Gari la Mwalimu Danford

Marcelina Wambura alikuwa na miaka ishirini na mbili kwenye kazi ya vitasa. Watu walikifuata kibanda chake pale Iringo, mjini Musoma, hata kutoka Bunda, kwa sababu mlango aliouhudumia yeye haukurudi tena kwa fundi.

Kwa hiyo Mwalimu Danford wa Butiama alipomjia, hakushangaa. Mwalimu alikuwa akijiundia gari dogo nyumbani kwake. Lilikuja vipande vipande ndani ya masanduku, ili mnunuzi aliunge mwenyewe, na kilichokosekana ni vitasa vya milango yake miwili.

"Nataka vya springi, Mama Gloria," alimwambia Marcelina. "Nikibamiza mlango, ushike wenyewe."

Marcelina alikata vipande vya chuma, akavipiga tupa mpaka vikawa ndimi zilizochongoka upande mmoja, na nyuma ya kila ulimi akaweka springi ya klachi ya pikipiki. Akaenda kuvifunga mwenyewe Butiama. Mlango ulipobamizwa ulimi ulirudi ndani, kisha ukachomoka, tap! Mwalimu alicheka kwa furaha.

Wiki tatu baadaye alimwita aje alione gari. Vioo vya madirisha, visivyoshuka, vilikuwa vimewekwa asubuhi ileile. Marcelina aliketi mbele, akavuta mlango, akausikia ukishika. Danford alizunguka nyuma, kwenye injini, akaunganisha betri.

Moshi ulianzia chini ya dashibodi. Mwembamba kwanza, kisha mweusi, unanuka plastiki. Marcelina akapeleka mkono mlangoni. Hapakuwa na kitu. Akapapasa juu, akapapasa chini, akajirusha upande wa pili. Bati tupu. Mipini yote ilikuwa nje.

Ni yeye aliyevitengeneza, na hakuweka pa kufungulia ndani.

"Danford! Nifungulie!"

Alikipiga kioo kwa ngumi zote mbili. Danford alikuja mbio, akavuta mpini, na Marcelina akaangukia majanini akikohoa. Mwalimu akarudi kuchomoa waya wa betri. Moshi ukapungua, ukaisha.

"Lakini mimi nilikuwaga nafungua nikiwa ndani," Danford alisema. "Nilikuwaga natoa mkono dirishani tu..."

Akakigeukia kile kioo kipya.

"Wanao wangekuwa humo, je?" Marcelina aliuliza.

Siku nne kibanda cha Iringo hakikufunguliwa. Ya tano Marcelina alirudi Butiama na waya za breki za baiskeli. Akazifunga kutoka kwenye ndimi mpaka kwenye vishikio alivyoweka ndani, kimoja kila mlango. Alipomaliza, alimwambia Danford asimame mbali, kule getini, na asisogee hata akiitwa.

Akaingia, akajifungia. Akavuta, mlango ukafunguka. Akaufunga tena, akavuta tena. Alirudia mara kumi na mbili, milango yote miwili, na Danford hakumwambia aache.